Naomba ushauri: kupitisha waya mpya kwenye ukuta uliokwishapigwa plasta na rangi

KinyereziMwisho
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa haraka, kesho asubuhi fundi anataka kuendelea na mimi moyo unasita. Nyumba ipo Kinyerezi, ukuta wa tofali za saruji, plasta na rangi vimeshakamilika. Nataka kutoa laini mpya kwenye mein swichi iliyopo koridoni hadi stoo ya nyuma, nafunga soketi moja tu. Fundi anasema tukate ukuta, tulaze waya, tuzibe. Waya nimeshanunua, 2.5 (milimita za mraba), nyekundu, nyeusi na kijani. Je, naufukia hivihivi au lazima bomba? Na ukuta ukatwe kina gani? Nawasilisha.

Jua_Kali_Tegeta
Rangi mpya halafu unakata? Mwenye rangi yake anajua?

Nyutro_Halisi
Bomba ni lazima. Waya za moja moja ganda lake ni jembamba na halikutengenezwa kukaa ndani ya saruji. Ukiufukia mtupu, siku ukipata hitilafu huwezi kuuchomoa, na msumari wa kwanza wa kutundika kalenda unakutana na laivu, waya wenye umeme. Bomba unachomoa waya mbovu, unavuta mpya, ukuta hauguswi.

Halafu usishuke na waya mshazari ili kufupisha njia. Bomba lipande au lishuke wima juu ya soketi ama swichi yenyewe, ili anayekuja kupiga drili kesho akiona soketi ajue waya umepita wapi.

Ila jibu kwanza: hiyo soketi ni ya nini?

KinyereziMwisho
Matumizi ya kawaida tu mkuu, mambo ya stoo. Nisaidieni kwenye kina cha ukuta.

Mpiga_Plasta
Kina kinategemea unene wa tofali na unakata kwenda wapi. Kukata wima usizidi theluthi ya unene wa tofali. Kukata kwa kulala usizidi moja ya sita. Tofali la nchi tano lililosimamishwa ni milimita 125, kwa hiyo wima mwisho ni kama 40, kulala mwisho ni 20. Sababu ni kwamba mkato wa wima unapunguza ukuta sehemu nyembamba tu, lakini wa kulala unaukata kama kisu kwenye mkate, urefu wote unabaki kwenye ngozi nyembamba.

Piga mistari miwili kwa grinda yenye diski ya almasi, upana milimita 30 kwa bomba la 25. Katikati toa kwa patasi nyembamba, nyundo ya gramu 500 inatosha. Ukitumia nyundo kubwa plasta ya upande wa pili inaachia na unaisikia inalia tupu ukiigonga. Kuanzia uso wa plasta ingia sm 4: bomba linakula 25, juu yake unabaki na kama 15 za kuzibia. Plasta yenyewe ni 12 hadi 15, kwa hiyo tofali linaliwa sm 2.5 tu. Zima umeme kabla ya grinda, kwani swichi zilizopo zina mabomba yake humo humo. Na funga mlango wa vyumba, vumbi hilo linaingia hadi kwenye unga.

SolaTu
Achana na ukuta mkuu, weka paneli mbili juu ya stoo na betri ya lithiamu. Hakuna kukata, hakuna Luku.

MzeeWaUpanga
Vijana mnapenda njia za mkato. Kazi ya umeme inafanywa na mtu mwenye leseni ya EWURA, siyo kila anayebeba testa mfukoni ni fundi. Moto ukiwaka mnalia na serikali.

Nyutro_Halisi
Mzee sawa, ila mwenye mada hajajibu swali langu. KinyereziMwisho, mtu wa soketi ya kawaida anachukua umeme kwenye soketi ya chumba cha jirani, hatoki mein swichi na laini yake peke yake. Nini kinakwenda stoo?

KinyereziMwisho
Haya. Ni oveni. Mama watoto anaoka keki za oda, tumenunua oveni ya mtumba ya trei mbili. Lakini muuzaji alituwashia palepale, ikapata moto vizuri tu. Na waya wa 2.5 ndio unatumika kwenye soketi za nyumba zote, sioni tatizo.

Nyutro_Halisi
Nyuma ya oveni kuna kibati. Kimeandikwa nini? Nakili kama kilivyo.

KinyereziMwisho
6.6 kW, halafu 3N~ 380V 50Hz. Kiwaya hakina plagi, kimekatwa. Fundi anasema anafunga plagi ya pini tatu.

Jua_Kali_Tegeta
"Mambo ya stoo" 😂😂

Nyutro_Halisi
Plagi ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13, yaani kilowati 3. Yako ni 6.6. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 29, na oveni haiwaki dakika tano kama birika, inawaka masaa. Plagi itaanza kunuka, itageuka rangi ya kahawia kuzunguka pini ya laivu, kisha soketi inaungana nayo.

Waya wa 2.5 ndani ya bomba unabeba ampea 24 hewa ikiwa nyuzi joto 30. Hapo ushaanguka. Wengi watakwambia weka 6mm na breka ya 32, kwa sababu kwenye jedwali 6mm inabeba 41. Jedwali hilo ni la nyuzi 30. Waya wako utapita juu ya dari, chini ya bati, Dar es Salaam, saa nane mchana. Hesabu nyuzi 50. Waya wenye ganda la PVC kwenye nyuzi 50 unabaki na asilimia 71 ya uwezo wake: 41 inakuwa 29. Breka ya 32 itauacha waya uchemke bila kukatika. Waya wa 10mm unatoka 57 unabaki na 40. Kwa hiyo ni 10mm, breka ya 40, bomba la mm 25.

FundiMbagala
Mkuu unamtia gharama. 6mm inatosha, majiko mangapi ya umeme mjini yamefungwa 6mm?

Nyutro_Halisi
Jiko la nyumbani plate nne haziwaki zote kwa pamoja masaa matatu. Oveni ya biashara inawaka. Akipitisha bomba lote ukutani bila kupanda darini, 6mm na breka ya 32 naikubali. Akipanda chini ya bati, siikubali.

KinyereziMwisho
Hatupandi darini. Fundi anapita na ukuta moja kwa moja, chini ya madirisha. Ameshakata kama mita moja na nusu, kina kama sm 5.

Mpiga_Plasta
Kwa kulala? Tofali nchi ngapi?

KinyereziMwisho
Tano, zimesimamishwa. Lakini ukuta uko imara, tumeusukuma hautikisiki.

Mpiga_Plasta
Ukuta hausukumwi kupimwa. Sm 5 toa plasta ya 15, tofali limeliwa 35 na ruhusa ni 20. Simamisha hapo hapo. Safisha vumbi, lowesha maji, ziba kwa saruji moja mchanga nne, shindilia kwa kibao, siyo kupaka. Juu yake laza wavu wa kuku kabla ya plasta ya mwisho, la sivyo baada ya mwezi utauona ufa ulionyooka kama rula.

Njia yako ni juu. Panda wima kutoka mein swichi, tembea juu ya dari ukifunga bomba kwenye mbao kila sm 60, shuka stoo. Tatizo litakuwa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Humo kuna nondo, na nondo haikatwi. Ukichimba zege la kuifunika, unyevu wa chumvi wa huku kwetu unaifikia, inavimba na kulipasua zege. Bomba likifika lenta litoke nje, livuke juu ya uso wake ndani ya trankingi (mfereji wa plastiki wenye mfuniko) ya 40 kwa 25, kisha lirudi ukutani. Stooni usihangaike kabisa, shusha trankingi ya nje hadi chini. Nani anaangalia urembo wa stoo?

KamusiHai
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Kwanza soketi ya kawaida. Mara oveni. Mara ukuta ushakatwa. Na muuzaji aliwasha vipi oveni ya 380 dukani ikiwa kiwaya kimekatwa hakina plagi? Huyu ama anauza oveni, ama ni fundi anatupima.

Jua_Kali_Tegeta
Chai ya maziwa kabisa, na keki pembeni.

MzeeWaUpanga
Nilisema mimi. Watu wanapoteza muda wa wazee.

KinyereziMwisho
Sio chai. Dukani iliwashwa kwa kugusisha waya kwenye breka yao, kiwaya wakakikata walipoipakia kwenye kirikuu. Nimefungua mfuniko wa nyuma sasa hivi: kuna reli ya skrubu tano, L1, L2, L3, N na alama ya erthi. Vipasha moto viko juu na chini. Sikutaja oveni kwa sababu nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba yumo humu anasoma. Nimemaliza.

FundiMbagala
Sasa na mwenye nyumba ameshajua 😂

Nyutro_Halisi
Iwe chai iwe kahawa, reli ya skrubu tano ipo kwenye oveni nyingi za aina hiyo, kwa hiyo najibu.

Oveni hii ni ya umeme wa laini tatu, wa nyumbani ni laini moja. Herufi N, yaani nyutro, kwenye kibati ndiyo inayokuokoa. Mara nyingi maana yake kila kipasha moto kinakaa kati ya laini moja na nyutro, kinapata volti 220 au 230. Unaunganisha L1, L2 na L3 kwa vipande vya shaba vya kwenye reli, unaingiza laivu moja, nyutro kwenye N, erthi kwenye erthi. Hakikisha kwanza kwa mita: weka kwenye omu, gusa N na L1, N na L2, N na L3, zote zisomeke. Ikiwa N haisomi na laini yoyote, vipasha vimefungwa laini kwa laini, na kwa umeme wa nyumbani vitatoa kama theluthi tu ya moto wake. Keki itakauka kabla haijaiva.

Vifaa: waya 10mm shaba, mita 13 kwa kila rangi (kupanda 1.2, darini 8, kushuka 1.6, mikia na akiba). Bomba 25 za mita tatu, nunua tano, na springi ya kukunjia. Usiweke elbo kali za maji, waya wa 10 haupiti. Kwenye kona mbili weka boksi la kuvutia. Breka 40, na kinga ya umeme unaovuja ya miliampea 30. Mwisho wa laini siyo soketi, ni swichi ya jiko ya ampea 45, ikae pembeni ya oveni siyo juu yake, uifikie bila kunyoosha mkono kwenye moto. Kutoka swichi hadi oveni tumia kebo ya mpira inayovumilia joto.

Ikiwa oveni imekaa muda mrefu bila kuwashwa, siku ya kwanza kinga inaweza kuangusha, yaani kukata umeme. Vipasha huwa vimenyonya unyevu. Apime fundi kwa mega (kipimo cha umeme unaovuja) kabla ya kuilaumu kinga, na msiing'oe kinga ili oveni iwake.

Upande wa mita ya Luku wenye lakiri ya TANESCO usiguswe na yeyote. Na kama upo tarifu ya D1, ya watumiaji wadogo wa nyumbani, zile uniti 75 za mwezi oveni hii ikiwaka masaa matano kwa siku inaweza kuzila kwa siku tatu. Mama watoto aiweke kwenye bei ya keki.

SolaTu
Ndo maana nikasema sola.

Mpiga_Plasta
Sola ya 6.6? Atafunika bati la jirani.

KinyereziMwisho
Asanteni. Ila hii 2.5 nimeshalipa, si naweza kuchukua mbili mbili nikaziunganisha zibebe kama tano?

Nyutro_Halisi
Hapana. Moja ikilegea kwenye skrubu, nyenzake inabeba mzigo wote na breka haioni. Tumia hiyo 2.5 kwenye soketi za kawaida, ikiwa ni shaba kweli. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Au pima roli: mita 100 za 2.5, shaba peke yake ni kilo 2.2 bila ganda.

KinyereziMwisho
Mizani ya keki inasema kilo 1.4 na ganda lake. Nimekwangua. Ndani nyeupe.

Nyutro_Halisi
Alumini iliyopakwa shaba. Rudisha na risiti.

KinyereziMwisho
Risiti alisema tukimaliza kazi ndio atatuandikia.