Mrejesho: Rekodi za ploti ya marehemu baba, Njoro

Ndugu zangu, nilikuwa nimeuliza pa kupata rekodi za ploti aliyotuachia marehemu baba kule Njoro. Nimezipata, asanteni sana! Usajili wa ardhi uko chini ya serikali kuu. Kaunti ya Nakuru inashughulikia reti (kodi ya ardhi). Kwa sachi, yaani upekuzi rasmi wa rekodi za ardhi, nilipeleka nakala ya hati miliki, kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), nikalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Cheti cha sachi kina jina la baba na ukubwa wa ploti. Lakini sehemu ya mwisho bado inaonyesha rehani ya mkopo alioumaliza zamani, na risiti mama anazo. Hati miliki pekee isingetuambia hilo. Sasa tunaisukuma benki itoe hati ya kufuta rehani, ndipo tuendelee na mirathi kortini.