Tupeane uzoefu: uliachaje sigara ukiwa Nairobi, na nani alisimama nawe?

CHP wa Kayole

Habari zenu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kayole, wale mnaotuona tukipita ploti kwa ploti na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Kila mmoja wetu ana kama nyumba 100 za kutembelea. Nikikuta presha ya mtu iko juu, huwa namuuliza kama anavuta. Wengi hawafichi, na wengi hunijibu kwa maneno yaleyale: nataka kuacha, lakini hapa nilipo haiwezekani.

Zamani nilidhani ni kisingizio. Siku hizi nawaamini. Mtu ameamua asubuhi. Akifungua geti la ploti, kibanda cha kwanza kina pakiti iliyofunguliwa na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye waya wa dirisha. Akifika steji, mchuuzi anapita na trei ya peremende, njugu na sigara. Kazini, wenzake wakipumzika wanapumzika kwa kuvuta. Jioni pale beis, kijiweni, fegi moja inazunguka watu wanne. Na ile picha ya mapafu au mdomo ulioharibika ambayo serikali iliamuru iwekwe kwenye pakiti, huyu haioni kamwe, maana pakiti hainunui. Ananunua moja moja.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo ile moja moja ya kibandani imekatazwa, hata kama tumeizoea tangu tulipokuwa watoto wa kutumwa dukani. Mimi naona hapo ndipo mtego ulipo. Pesa za pakiti nzima mtu wa kibarua angezifikiria mara mbili, lakini za sigara moja hazikosekani mfukoni.

Sasa nawaomba. Wewe uliyeacha, ni kitu gani kilibadilika pale unapokaa au unapofanyia kazi? Nani alikuwa karibu? Na ambaye bado anavuta, karibu pia. Hakuna atakayekusuta.

Kange wa Githurai

Mimi ni makanga laini ya 45. Nilianza kuvuta nikiwa bado napiga debe, na ilifika mahali sigara ya kwanza inatangulia chai. Saa kumi na nusu alfajiri, gari bado halijawashwa, mimi tayari nimevuta. Abiria walikuwa wakigeuza uso nikiinama kupokea nauli. Ndani ya gari sikuwahi kuvuta, sheria inajulikana na faini yake inafika shilingi 50,000 au jela miezi 6, lakini moshi ulikuwa kwenye nguo.

Dereva wangu ndiye aliyeanza. Alikuwa na kikohozi kisichoisha, daktari akamwambia aache. Akanijia akasema, "Ndugu yangu, mimi siwezi kuacha na wewe umekaa mlangoni unanukia." Basi tukaacha pamoja. Tukamwendea kijana wa trei pale steji, tukamwambia kwa heshima kabisa: sisi wawili usituuzie hata tukikulilia. Akakubali, na alishika neno. Niliwahi kumlilia kweli, akanipa njugu akaenda zake.

Arosto, ile hali ya mwili kudai sigara, siku chache za kwanza ni kitu kingine. Kichwa kinagonga, usingizi haushiki, hasira ziko puani. Niligombana na abiria juu ya chenji mpaka dereva akasimamisha gari akashuka kunituliza mwenyewe. Usiku mmoja nilipiga 1192, ile namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mama aliyepokea hakunihubiria. Aliniuliza huwa navuta saa ngapi, nikiwa wapi na nani, akanisaidia kupanga ni nini nitafanya kila saa hiyo ikifika. Akaniambia kiu ya sigara ikija haikai, ni dakika chache tu, kwa hiyo kazi yangu ni kuzivuka hizo dakika: maji, pumzi ndefu, kushuka kutembea kidogo.

Kitu ambacho sikukijua, na nawaambia mkijue: mvutaji akiacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa sababu moshi ulikuwa unalifanya ini liimalize haraka. Mimi nilikuwa nimeongeza kahawa ili nijiliwaze, kumbe ndiyo ilikuwa inanitetemesha mikono na kuninyima usingizi. Nilipopunguza, mambo yakatulia.

Nilirudia mara moja, matangani kule nyumbani, usiku wa kukesha. Dereva hakusema kitu. Jumatatu akanikuta steji akaniuliza tu, "Tunaendelea?" Tukaendelea. Sasa pale steji tuko kikundi, tunakaa Jumamosi magari yakishapaki, na mwingine akishikwa na kiu katikati ya wiki anapiga simu kwa mmoja wetu kabla hajaenda kwa trei.

Dada_Kangemi

Kange, hiyo 1192 inakata kredi?

Kange wa Githurai

Haikati, dada. Ni bure na inapokelewa mchana na usiku.

Mama Kibanda, Mathare

Naomba niseme upande wetu wa wauzaji, kwa sababu tunalaumiwa sana na hakuna anayetuuliza.

Sigara moja moja ndiyo inayoleta mteja. Faida yake yenyewe ni ndogo, lakini mtu akija kuchukua fegi anachukua na kredi, na peremende ya kutoa harufu. Ukiitoa, anahamia kwa jirani na vingine vyote anavinunua huko. Kwa hiyo mtu asidhani mama wa kibanda hajali. Ana kodi ya nyumba na karo.

Kilichonigeuza ni mtoto. Alikuja wa darasa la nne hivi, akasema ametumwa na babake. Nikampa, kama nilivyokuwa nikipewa mimi enzi zangu. Jioni babake anapita, namwambia mtoto alifika, ananiambia hakumtuma. Sikulala.

Nilijua nikiacha peke yangu nimejimaliza. Nikalipeleka kwenye chama chetu, maana wenye vibanda vya ule mtaro wote tuko humo. Tulibishana sana. Mmoja alisema tutawafaidisha wa barabarani tu. Mwisho tukakubaliana wenye vibanda vinavyofuatana tusiuze moja moja, wala kwa mtoto yeyote hata akija na barua, na chama kikatukopesha kidogo tuanzishe mayai ya kuchemsha na kachumbari. Mwezi wa kwanza nilipungukiwa, siwadanganyi. Wateja wengine hawajarudi. Lakini mayai yanatoka, hasa asubuhi kwa watu wa mjengo, na wako wazee wawili hapa ploti walioniambia kuwa kutoiona sigara wakitoka getini kumewasaidia kuliko maneno.

Kwa hiyo CHP, mkija huku, msiende kwa wavutaji peke yao. Kaeni na vyama vya akina mama.

Fundi_Pipeline

Mimi bado navuta na sitaki kudanganya mtu. Nyinyi mnaongea vizuri lakini mjengo ni mwingine. Unabeba zege tangu saa moja, mkubwa wa kazi hajalipa tangu juzi, huna ya chakula. Sigara moja inakata njaa mpaka jioni. Nikiacha, hiyo njaa naipeleka wapi? Na pale mjengoni ukiketi bila sigara unaonekana unakwepa kazi, lakini ukivuta wanakuachia dakika zako.

CHP wa Kayole

Fundi, asante sana kwa kusema. Ni kweli nikotini inaziba njaa, na mwili hauongezewi chochote. Kwa hiyo huwezi kuambiwa uache na tumbo tupu. Walioacha mjengoni huku kwetu walianza na uji mzito asubuhi na kitu cha kutafuna mfukoni, na walikula mara nyingi kidogo kidogo. Lakini njaa ya kutolipwa ni jambo lingine, hilo si la sigara na sitalifunika kwa ushauri wa uji.

Hilo la mapumziko limenigusa zaidi. Anayevuta anapewa dakika tano na asiyevuta hapewi. Ningekuwa na uwezo ningewaambia wasimamizi wote wa mjengo wawape watu wote mapumziko sawa. Hiyo peke yake ingewaachisha wengi, na haigharimu dawa.

Soja wa Usiku

Mimi nililinda magodauni Industrial Area miaka mingi. Usiku ni mrefu, na sigara ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikapata TB. Pale kliniki ya TB nilipewa dawa bure za miezi sita, lakini mtu wa kwanza kunikalisha chini na kunieleza kwamba kuvuta kunaongeza hatari ya TB, na hata ya kurudiwa nayo baada ya kupona, alikuwa nesi pale pale. Nilikuwa nimekohoa mbele ya watu wengi wa afya kabla yake na hakuna aliyeniuliza kama navuta.

Nesi akanieleza habari ya chingamu ya nikotini. Inapatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa na kwa mshahara wangu haikuwa rahisi, nilikuwa nanunua kidogo. Wengi wanaitafuna kama PK halafu wanasema inachoma koo. Haitafunwi hivyo. Unaitafuna polepole mpaka usikie ukali, unaisimamisha kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha unatafuna tena. Na usinywe kahawa, juisi wala soda dakika 15 kabla yake, itakosa nguvu. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida hupewa ile ya miligramu 4, wengine ya 2. Ulizeni mtu wa dawa kwanza, hasa mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito.

Mke wangu alinisaidia kwa namna moja. Nyumba yetu ni ya chumba kimoja, mabati, tunalala na watoto humo. Aliniambia: "Baba Toni, dirisha haliutoi moshi wote, unabaki kwenye blanketi la mtoto." Nikaanza kwa kutovuta nyumbani kabisa, ndipo nikaweza mengine.

Mjukuu wa Cucu, Kawangware

Mnazungumzia sigara, na ugoro je? Cucu wangu hajawahi kuvuta sigara maishani. Ana kikopo chake cha ugoro kwenye kitambaa, na kumwambia mtu wa umri wake kuwa anatumia tumbaku ni kumtukana. Kwake tumbaku ni ya wanaume wa baa. Presha yake ilikuwa inapanda kila mara na sisi tunalaumu chumvi.

Sikuthubutu kumwambia mimi. Niliomba mama mmoja wa kikundi chao cha kanisani, rika lake, aliyekuwa ameacha. Wakaketi wakazungumza wenyewe na mimi nikatoka nje. Tangu hapo amepunguza, ananusa akiwa peke yake tu, na watoto hawatumwi tena kumnunulia. Hajaacha. Ningependa kusikia kutoka kwa mwenye mzee aliyeacha ugoro kabisa, ilikuwaje.

Mwalimu_Buru

Kwa wazazi. Mnaponusa mashati ya vijana mkitafuta moshi, mjue kwamba siku hizi kuna vifuko vidogo vyeupe vya nikotini, vinakuja kwenye kikopo cha mviringo, kijana anaweka kifuko kimoja chini ya mdomo na kukaa nacho darasani. Hakuna moshi, hakuna harufu ya sigara, harufu ni ya minti. Wanafunzi wangu waliniambia wanakitumia ili "wasome usiku". Hawakujua kuna nikotini ndani, kitu kilekile kilichomfunga Kange.

Tulichofanya shuleni ni kuwaacha walioacha wazungumze na wenzao bila mwalimu ndani ya chumba. Kumfukuza mtoto shule tulikataa. Akienda nyumbani anakaa beis siku nzima, na huko ndiko vinakouzwa.

CHP wa Kayole

Mjukuu, huku kwetu nina nyanya mmoja aliyeacha ugoro, nitamwomba ruhusa ndipo nieleze. Mwalimu, umeniongezea swali la kuuliza nikipita ploti, sikuwa nauliza kuhusu hivyo vifuko. Mama Kibanda, naomba nikutumie ujumbe, nataka kuja kwenye chama chenu nikiwa na wenzangu wawili.

Fundi_Pipeline

Kange, hicho kikundi cha Jumamosi ni cha watu wa magari tu?

Kange wa Githurai

Hapana, kaka. Kuna bodaboda, kuna muuza mitumba, kuna askari wa benki. Njoo kama umevuta au hujavuta, hatukunusi mlangoni. Tunaanza saa tatu usiku, nitakutumia mahali. Na uje na mwenzako mmoja wa mjengo, maana Jumatatu mtakuwa pamoja na mimi sitakuwepo.