Naomba msaada: makala za siasa hazipatikani kwa databezi za maktaba ya chuo, mwisho ni Ijumaa

Mwanafunzi_Kondele
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa nne, sayansi ya siasa, hapa Kisumu. Projekti yangu ni ya ugatuzi, kama mwananchi anasikilizwa kweli kaunti ikipanga bajeti. Nina makala 14 na supavaiza anataka kuona pdf ya kila moja. Nimeingia JSTOR kwa paswadi ya chuo, kichwa cha kwanza sifuri, cha pili sifuri, niko saiba tangu saa mbili asubuhi na sijapata hata moja. Ni databezi gani iko nazo? Jamani nimeogopa, hata kula siwezi.

NyarAhero
Pole kaka. JSTOR haina kila kitu, majarida mengi pale miaka kama mitatu hadi mitano ya karibuni haijawekwa. Kama zako ni za juzi, jaribu EBSCO, na za huku Afrika pitia AJOL, nyingi ni bure. Pia usiandike kichwa kizima, andika "public participation" AND Kenya AND budget, hizo alama za kunukuu zinashika maneno pamoja.

Mzee_wa_Kadi
Vijana mna bahati. 1986 tulikuwa tunavuta droo ya mbao, kadi zimeshikwashikwa mpaka herufi zimefutika, unaandika namba kwa karatasi unampa karani, anarudi baada ya nusu saa kukwambia jarida limepelekwa kujalidiwa. Ila kwa ile foleni ndipo nilikutana na mama watoto, naye alikuwa anangoja jarida lilelile.

Kamoli_Bungoma
Mzee hongera. Mwenye uzi, weka hapa moja tutafute pamoja.

Mwanafunzi_Kondele
Vichwa si muhimu sana, nataka tu kujua databezi.

Kamoli_Bungoma
Ndugu, tutatafutaje kitu hatukijui? Weka moja.

Mwanafunzi_Kondele
Sawa. Kuna moja ya Journal of Eastern African Studies, ya 1998.

NyarAhero
Hilo jarida lilianza 2007. 1998 halikuwepo. Hiyo orodha uliitoa wapi?

Mwanafunzi_Kondele
Ngojeni niseme ukweli. Sura ya pili nilimpa jamaa anayeandikia wanafunzi, nikamlipa 4,500 kwa M-Pesa, sasa hashiki simu. Nafikiri alitumia ChatGPT. Lakini mawazo ni yangu, nilizunguka Nyalenda na Manyatta wiki tatu na dodoso, watu 62, mvua ikininyeshea. Hizi ni marejeo tu. Mpango wangu ni kumwambia supavaiza paswadi ilikataa apokee orodha bila pdf, na meseji nimeshamtumia.

Mama_Tumaini
Mwanangu, kuna mzazi aliuza ng'ombe ukasoma. Uongo mmoja unazaa mwingine, na huu wa paswadi ni wa pili tayari.

NyarAhero
Shida si orodha. Kila sentensi kwa hiyo sura yenye jina na mwaka inadai mtu fulani alienda akaona kitu. Kama makala haipo, hata hayo matokeo hayapo. Akikuuliza walihoji watu wangapi na wapi utasema nini? Chukua DOI, ile namba ya kutambulisha makala, inaanza na 10, iweke baada ya doi.org/ uone. Ya kubuni itakwambia haipo, ama itakupeleka kwa makala ya mambo mengine kabisa. Na usitafute makala za kweli uzibandike kwa sentensi za uongo, soma kwanza halafu uandike upya.

Boda_Kakamega
Mimi siamini hii stori. Alisema yuko saiba, na saa hii ni saa nne usiku, saiba gani Kondele iko wazi? Huyu anatafuta wateja wa kuandikiwa projekti. Ngojeni tu aweke namba ya simu.

Kamoli_Bungoma
Hata mimi nimeanza kushangaa. Kwanza alikataa kutaja kichwa, akibanwa kidogo akatoa kila kitu.

Mwanafunzi_Kondele
Saiba nilitoka saa kumi na mbili. Niko kwa chumba, stima imepotea, simu iko asilimia 19. Sina namba ya kuweka. Dodoso la 31 ni la mama anauza omena, alijibu yote huku anapepeta, tukimaliza akaniuliza kama maneno yake yatafika mahali ama yatakaa tu kwa begi yangu. Hiyo siwezi kutunga.

Boda_Kakamega
Basi samahani kaka. Lakini ile meseji ya paswadi, umeifuta?

Mwanafunzi_Kondele
Ameshaisoma.

NyarAhero
Mwandikie ingine kabla hajakujibu, umweleze yote. Halafu usitafute "devolution", yaani ugatuzi, peke yake. Wengine huandika decentralisation, wengine kwa z, so andika decentrali* na hiyo nyota itashika zote mbili.

Mwanafunzi_Kondele
Imetoka! Cheeseman, Lynch na Willis, Journal of Modern African Studies, 2016, kurasa 1 hadi 35, kichwa kinaanza na Decentralisation in Kenya, ndiyo maana sikuwa naiona. Nimeanza kuisoma. Meseji ya supavaiza nimeiandika na kuifuta mara tatu, sasa nimeituma. NyarAhero, mkutubi huingia saa ngapi asubuhi?

NyarAhero
Saa mbili. Beba zile dodoso pia.