Huyu wa kupandisha magari toka Dar atuombe radhi leo leo

@mwana_kamalondo
Bakubwa, vokali ya asubuhi, ule ujumbe wa sauti, mumeisikia wote. Jina sitaji, kwani kuna asiyemjua? Ule wa maneno mingi, anayejua barabara toka bandari ya Dar mpaka mpakani kwetu Kasumbalesa kuliko lami yenyewe. Eti "foleni ya Kimara ni ya kondoo." KONDOO! Anayengoja zamu yake ni kondoo, na yeye anayechomeka gari ya IT, gari ya transiti inayopita tu kuja kwetu, kwenye njia ya mwendokasi ndiye simba.

Tumfundishe basi. Ile njia ya katikati ya Morogoro Road, toka 2016, ni ya mabasi ya mwendokasi. Gari ya mtu binafsi, pikipiki, bajaji, gari ya transiti: hapana. Unaikata kwenye makutano tu, taa ikikuruhusu. Ambulansi na zimamoto wanapita. Sehemu nyingi kuna ukingo wa zege, kwa hiyo ukishaingia hutoki unapotaka, mpaka makutano yanayofuata. Na kabla ya hapo unakuta kituo, huna pa kukwepea. Nyuma yako basi la mita 18, watu wamesimama ndani kama dagaa. Dereva akikanyaga breki yote wanaangukiana hadi kioo cha mbele.

Halafu kondoo ni mimi. Kondoo!

@fundi_katuba
Yaya, vokali ilikuwa fupi, wewe umetuandikia kitabu. Kondoo mwenye hasira namna hii hatujamuona bado.

@mwana_kamalondo
Umeona? KONDOO TENA.

@dada_wa_bruseli
Huku Ubelgiji ukiona laini nene za kukatika-katika na neno BUS limeandikwa chini, gari ya kawaida inaingia tu kama inakata kona kwenye makutano yanayofuata, ao inaingia kwenye kiwanja cha pembeni. Wajanja wanapita makutano mawili matatu humo humo, eti "wanajitayarisha kukata kona". Ule wenu angefaa sana huku.

@mzee_kampemba
Uingereza unasoma kibao. Saa zimeandikwa, nje ya zile saa unapita kama mwenye barabara. Kibao kisicho na saa ni mchana na usiku, siku zote. Wengi hawasomi: huyu anaingia saa za basi, yule anaogopa saa zimekwisha zamani na kurefusha foleni bure.

@fundi_katuba
Hao sasa ndio kondoo kweli.

@mwana_kamalondo
NANI AMESEMA HILO NENO?

@ruashi_express
Munabishana juu ya njia za mabasi za watu, hapa L'shi, Lubumbashi yetu, basi lenyewe linawashusha watu katikati ya barabara. Hiace ya Japani, usukani kuume, mlango wa kusukuma kushoto. Sisi tunapita kuume. Mama anashuka na beseni lake wapi? Mbele ya pikipiki. Hiyo ndiyo ya kulalamikia.

@mzee_kampemba
Ndugu, hapo umegusa. Dar wanapita kushoto na kituo kiko katikati, ndiyo maana yale mabasi yana milango kuume. Sisi tukijenga kituo cha katikati kitakuwa kushoto kwa dereva. Hiace zetu zitafaa bila kukata bati hata kidogo!

@fundi_katuba
Na bati lisikatwe hovyo. Kuhamisha mlango upande wa kuume ni kuhamisha nguzo na reli zote tatu, ya juu, ya katikati na ya chini. Ukikata bila kuchomelea nguvu nyingine, bodi inapinda na mlango haufungi tena.

@ruashi_express
Yangu haijakatwa na haifungi. Reseveri, kondakta wangu, anaushika na mkono safari nzima.

@fundi_katuba
Mlango umeshuka upande wa nyuma? Basi ni rula, kile kigurudumu cha reli ya katikati, imekwisha. Kufuli halikutani na ndoano yake, watu wanapiga nyundo kwenye kufuli na kuliua bure. Nyanyua mlango na jeki, toa rula, safisha reli mchanga wote, ndipo upake grisi. Grisi juu ya mchanga ni msasa.

@mwana_kamalondo
Kwa hiyo hakuna wa kumwambia aombe radhi?

@ruashi_express
Fundi, rula mpya ao iliyotumika?

@fundi_katuba
Iliyotumika si mbaya. Izungushe na kidole kabla ya kulipa, ikikwaruza, rudisha.