Chipu ya kumbukumbu 24C256 inaharibu mwanzo wa data yangu

Wakuu, naandika baiti 20 kwa mkupuo kuanzia anwani 60. Nikisoma, 60 hadi 63 ziko sawa, 64 kuendelea tupu, halafu 0 hadi 15 zimevurugika! Nimeshabadilisha chipu mara mbili.

Jibu: Chipu ni nzima, haijaharibika. Ukurasa wake, yaani kipande kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja, ni baiti 64. Ukipita 63, kihesabu cha anwani kinarudi mwanzo wa ukurasa huo, yaani 0. Andika baiti 4, funga kwa ishara ya kusimama, kisha 16 kuanzia 64.

Muulizaji: Sasa hizo 16 haziingii kabisa.

Jibu: Una haraka, mkuu. Ikishapokea ishara ya kusimama inajiandikia ndani, hadi milisekunde 5, na haimjibu mtu. Iite mpaka iitike. Kusoma hakuna mipaka ya ukurasa, soma mfululizo utakavyo.

Muulizaji: Imekubali. Na zile mbili nilishazitupa...