Naomba ushauri: binti yangu anataka kusomea utunzaji wa farasi

Ndugu zangu, habari za leo. Binti yangu wa miaka 18, ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akisafisha mabanda na kukagua kwato za farasi karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, anataka kusomea utunzaji wa farasi katika chuo cha Hartpury, Uingereza. Mimi ningependa aanze na stashahada ya afya ya mifugo hapa Kenya, kwa kuwa farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo usiotambuliwa mapema unaweza kumuua; ujuzi huo, naamini, utamfaa hata akikosa kazi ya farasi. Je, mliopitia njia hii, vyuo vya huko huthamini zaidi vyeti au uzoefu wa bandani?