RAV4 inapiga "tak" halafu kimya, na betri ni mpya

ChaliiWaSakina
Wakuu habari za baridi. Nina RAV4 ya 1998, injini 3S, otomatiki. Wiki ya pili sasa nikizungusha ufunguo inapiga "tak" halafu kimya, injini haizunguki hata kidogo. Nikirudia mara tano sita inakubali na inawaka vizuri tu kama haikuwa na shida, jana nimerudia mara kumi na moja, nimehesabu, mtoto anachelewa shule na majirani wameanza kuchungulia getini. Fundi wa kwanza kasema betri imekufa, nikanunua N50 mpya, kesho yake tak ileile. Wa pili anasema tutoe stata nzima (ile mota inayozungusha injini iwake) tuweke ya mtumba, na hata boneti hakufungua. Kabla sijatoa hela tena naombeni msaada.

FundiWaya
Pole. Hiyo tak ni moja nzito au ni nyingi za harakaharaka, tatatatata? Na usiku washa taa za mbele, mtu asimame mbele aangalie ukizungusha ufunguo, zinafifia au zinabaki vilevile?

MamaNdizi
Noah yangu ilikuwa na hiyo ya tatatata. Nabeba ndizi alfajiri kutoka Kibosho kushuka soko la Mbuyuni, ikanigomea na mzigo ndani, vijana wakasukuma mpaka jasho la Julai likawatoka, jamani otomatiki haiwashwi kwa kusukuma msijichoshe. Kumbe kichwa cha betri upande wa negative kimeota unga mweupe na ukikishika kinazunguka. Nikamwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, msasa, nikabana kwa spana namba 10, ikawaka palepale. Anza hapo kaka, ni bure.

ChaliiWaSakina
Asante dada, vichwa viko safi na vimebana, nimecheki. @FundiWaya ni moja, nzito. Taa hazikutikisika kabisa.

DerevaWaZamani
Chukua bisibisi ndefu gusanisha nati kubwa ya stata yenye waya wa betri na ile ndogo ya waya wa ufunguo, ikizunguka ujue stata nzima. Sisi ndivyo tulivyokuwa tunawasha malori.

FundiWaya
Mzee shikamoo, lakini usimfundishe mtu wa nyumbani hiyo, bisibisi ikiteleza ikagusa bodi cheche zinaiyeyusha, na gari ikiwa kwenye gia inaweza kuwaka ikaondoka na wewe uko mbele yake.

Sasa chalii sikiliza. Ile tatatata ya dada ni umeme hautoshi: solenoidi (ile swichi kubwa ya umeme iliyo kwenye stata) inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo ni betri, vichwa au ethi, yaani waya wa negative unaoshika bodi. Yako ni tofauti. Tak moja nzito maana yake solenoidi imevuta kwa nguvu zote, na taa kutofifia maana yake ule umeme mkubwa haukupita kwenda kwenye mota, maana stata ikila umeme lazima taa ziiname. Ndani ya solenoidi kuna kisahani cha shaba kinachorushwa kugonga vipande viwili vya shaba, ndiyo tak unayoisikia. Kwenye hizi stata za Toyota vile vipande vinalika taratibu, kimoja kinaisha kabla ya mwenzake, kisahani kinafika lakini hakigusi sawasawa. Ndiyo maana mara ya sita inagusa na gari inawaka ukidhani imepona.

Ila usiamini maneno yangu, pima. Weka gari P na handbreki juu. Mita kwenye volti, waya mweusi kwenye bodi ya injini, mwekundu kwenye ile nati ya stata inayoingia kwenye mota, siyo ile ya waya mnene wa betri. Mtu azungushe ufunguo. Ikipiga tak na mita inasoma sifuri, ni zile shaba, alimradi nati ya waya mnene ina volti zake 12. Ikisoma 12 na mota haizunguki, kaboni za ndani zinazopeleka umeme kwenye mota zimeisha. Na ukiwa hapohapo pima negative ya betri na bodi ya injini huku mtu anawasha, ikizidi nusu volti ethi ina shida.

Kabla fundi hajagusa stata toa negative ya betri kwanza, ule waya mnene una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni.

ChaliiWaSakina
Nimerudi. Mita ilisoma sifuri, tak, sifuri, tak, fundi mwenyewe akanyamaza. Tumefungua solenoidi: kipande kimoja cha shaba bado kinene, mwenzake kimeliwa mpaka kimekuwa kama ukucha, na kisahani kina makovu meusi upande mmoja. Tumeweka shaba mpya pande zote mbili, kisahani tumekisugua kwa msasa laini, kazi na vifaa havijafika hata robo ya bei ya ile stata ya mtumba. Leo siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi na baridi hii ya Sakina, mguso mmoja tu.

Betri ya zamani nimeipima ikiwa stoo, volti 12.5. Kuna mtu anatafuta N50?

MamaNdizi
Weka bei kaka. Usiweke bei ya Chuga, ya Arusha kwenu, lakini.